Bi Mhasibu Anajibu: Kodi juu ya kodi, mahamri ya mtandaoni na nyumba ya mama Changamwe

Juni imefika na ofisi yangu haina utulivu. Ukuta mmoja tu unanitenga na saiba ya jirani, duka la kompyuta na intaneti, na kuanzia katikati ya mwezi foleni yake huanzia kwenye kompyuta za huko na kuishia kwenye ngazi zangu. "Nifailie nil, kaka." Shilingi mia mbili, dakika tano, mtu anaondoka na karatasi ya KRA, mamlaka ya kodi ya Kenya, akidhani amefunga mwaka. Mimi nakaa upande wangu wa ukuta nikisikiliza watu waliopokea pesa mwaka mzima wakitangaza kwamba hawakupokea hata ndururu.

Barua za mwezi huu karibu zote zinauliza jambo moja kwa sauti tofauti: pesa hii niliyoipata, nayo ni mapato? Mfukoni shilingi zote zina sura moja. Sheria ya Kodi ya Mapato, Sura 470, huiuliza kila shilingi imeingia kwa mlango gani, na kila mlango una bei yake. Nimechagua barua tano. Mliobaki mtanisamehe, na wale walioniuliza kuhusu vifungu vya mswada wa fedha wa 2024, tulieni, ule mswada haukuwa sheria. Rais alikataa kuutia sahihi Juni ile ile.

Bi Mhasibu, salaam aleikum. Mimi nilikuwa mpishi wa meli, sasa nimetulia Likoni, sina kazi nyingine. Nina vyumba vitano vya kupangisha, kila kimoja 5,000 kwa mwezi, na mbele kuna duka dogo la kijana wa M-Pesa, 6,000. Mwaka jana niliita lori la kunyonya shimo la choo mara mbili na kubadilisha mabati yaliyooza. Vyote vilinila 84,000. Jamaa wa barazani wananiambia nilipe asilimia 7.5 ya kila kitu na gharama zangu nizisahau. Ni haki hiyo? Na mbona mnaniita mlipa kodi hali mimi ndiye mkusanya kodi?

Waaleikum salaam, Mzee wangu. Swali la mwisho kwanza, kwa sababu limenichekesha. Kiswahili kimetuchezea: anacholipa mpangaji ni kodi, na anachotaka serikali ni kodi. Nilipoanza uhasibu Kilindini mwaka 1989 nilimpelekea mzee mmoja fomu ajaze, akanirudishia. "Binti, mimi silipi kodi. Mimi nalipwa kodi." Alikuwa na nyumba nne. Basi humu, anacholipa mpangaji nitakiita pango, tusipotezane.

Jamaa zako wa barazani wamepatia nusu. Ipo kodi maalumu ya pango la nyumba za kuishi, ilianza Januari 2016. Wakati huo ilikuwa asilimia 10. Tangu Januari 2024 imeshuka hadi 7.5. Inamhusu mkaazi wa Kenya ambaye pango lake la nyumba za kuishi linazidi 288,000 kwa mwaka na halipiti milioni 15. Wewe vyumba vitano vinakupa 25,000 kwa mwezi, yaani 300,000 kwa mwaka, kwa hivyo umeingia, umevuka mstari kwa 12,000 tu. Unafaili kila mwezi na kulipa kufikia tarehe 20 ya mwezi unaofuata: 1,875. Kwa mwaka ni 22,500. Inatozwa juu ya pango lote ulilopokea, na hapo ni kweli, shimo la choo halihesabiwi wala mabati. Ukishalipa, hiyo ndiyo kodi ya mwisho kwa pesa hizo, hazirudi tena kwenye hesabu ya mwaka. Chumba kikikaa kitupu, kodi hailipiwi, lakini ritani, yaani taarifa ya mapato kwa KRA, ya mwezi huo inatakiwa hata kama vyote ni vitupu. Hilo nalijua kwa uchungu. Nina vyumba viwili Kisauni, na mwaka mmoja nilivifunga nipake rangi nikasahau kufaili. Mhasibu mzima nikalipa faini ya 2,000.

Walipokosea ni kwenye duka. Duka si nyumba ya kuishi. Hizo 6,000 za kijana wa M-Pesa hazimo kabisa katika asilimia 7.5, zinaingia kwenye ritani yako ya kila mwaka, ile ya kufikia tarehe 30 Juni, na huko gharama zake zinatolewa kwanza.

Sasa jambo ambalo barazani hawakukuambia, pengine hawalijui. Sheria inakuruhusu kuikataa hiyo asilimia 7.5. Unamwandikia Kamishna wa KRA kwamba hutaki kutozwa kwa njia hiyo, na pango lako lote linahamia kwenye hesabu ya kawaida ya mwaka. Tuijaribu. Vyumba 300,000, duka 72,000, jumla 372,000. Tukitoa 84,000 zako zinabaki 288,000. Hapo ndipo ngazi ya kwanza ya kodi inapoishia, asilimia 10: kodi ni 28,800. Na kila mkaazi anapewa nafuu ya 2,400 kwa mwezi, ambayo kwa mwaka ni 28,800. Unabaki na deni la sufuri. (Naapa sikuzipanga hizo tarakimu, ni zako mwenyewe.) Hata ungekosa risiti zote, kodi ya 372,000 baada ya nafuu ingekuwa 21,000, bado chini ya 22,500.

Usikimbie kuandika barua, ngoja. Hesabu hii inakufaa wewe kwa sababu huna mshahara. Jirani yako mwenye vyumba kama vyako na kazi bandarini ya laki moja kwa mwezi akifanya hivyo amejikaanga. Mshahara wake umeshajaza ngazi za chini na umeshakula nafuu yake, na pango lake lote litatua kwenye asilimia 30: 90,000 badala ya 22,500. Huyo abaki na 7.5 yake na amshukuru aliyeitunga.

La pili ni risiti. Tangu Januari 2024, gharama isiyo na ankara ya eTIMS, mfumo wa KRA wa ankara za kielektroniki, inakataliwa. Wenye lori la kunyonya choo wanaweza kuwa nayo, duka la mabati lazima liwe nayo. Fundi aliyepanda juu ya paa? Huyo alikupa namba ya simu na jina la utani. Kwa hivyo zile 84,000 zipunguze hadi zile tu unazoweza kuzionyesha. Ukiamua kuhama, andika kabla mwaka mpya haujaanza, na nakala ya barua iliyogongwa muhuri iweke pamoja na hati ya kiwanja.

Shikamoo Bi Mhasibu. Niko chuo, mwaka wa tatu. Napika kwenye video: mahamri, viazi karai, mkate wa sinia. Mwaka 2024 kampuni ya unga ilinilipa 80,000 nitangaze unga wao, wakakata 4,000, wakasema ni kodi. YouTube nao walinipa kama 150,000 kwa mwaka. Niliambiwa kwa kuwa nimeshakatwa nimemaliza, nikafailiwa nil hapo saiba. Nimekosea?

Marahaba mwanangu. Umekosea, na kosa lenyewe limekula pesa zako, si za serikali.

Kukatwa si kumalizwa. Hili ndilo jambo ambalo ningelichora ukutani, upande wa saiba. Kuna kodi inayokatwa ikawa ya mwisho, na kuna kodi inayokatwa kama arubuni tu, hesabu kamili ikaja Juni. Zile asilimia 5 walizokukata wenye unga ni kodi ya zuio kwa wanaolipwa kutokana na maudhui ya mtandaoni, iliyoanza Julai 2023. Ni arubuni. Za YouTube hazikukatwa kitu cha Kenya, lakini ni mapato yako vilevile, hata kama zimetoka ng'ambo. Umezipikia jikoni kwenu.

Basi tujumlishe: 230,000. Kodi ya asilimia 10 ni 23,000. Nafuu yako ni 28,800. Huna unachodaiwa, na zile 4,000 zilikatwa bure. Ukifaili ritani ya kweli, ukaingiza mapato yote na cheti cha zuio kilichoko kwenye akaunti yako ya iTax, tovuti ya KRA ya kufaili, unaweza kuzidai zirudishwe. Kwa nil umeiambia serikali kwamba hukupata kitu, hali kampuni ya unga imeshaiambia kwamba ulipata 80,000. Tarakimu hizo mbili zinakaa kwenye mtambo mmoja. Ingia iTax urekebishe ritani, nafasi hiyo ipo. Urejeshwaji wenyewe huchukua muda wake. Usikopee pesa hizo.

Halafu nenda ukaangalie kama uliwajazia YouTube fomu ya W-8BEN, ile ya kodi ya Marekani kwa asiye raia wa huko. Watazamaji wako walioko Marekani, na naona mkate wa sinia una wapenzi wengi Minnesota, pato linalotokana nao linakatwa kodi ya huko, asilimia 30 kwa Mkenya kwa kuwa hatuna mkataba wa kodi na Marekani. Lakini hilo ni la watazamaji wa Marekani tu. Usipojaza fomu, wanaweza kukukata hadi asilimia 24 ya mapato yako ya dunia nzima, pamoja na wanaokutazama Mtwapa.

Na ukikua, video zikakupa milioni, usiniandikie tena gazetini. Njoo ofisini, ulipe.

Dada, mama yetu aliishi kwenye nyumba yake Changamwe tangu 1994. Januari mwaka jana tulimhamishia kwangu Kilifi kwa ajili ya magoti, nyumba tukaipangisha kwa 18,000. Sasa amepata mnunuzi wa 6,200,000. Tulisikia nyumba ya kuishi mtu mwenyewe haitozwi kodi ikiuzwa. Wakili anasema tutatozwa. Dalali anasema tuandike 2,900,000 kwenye mkataba, yaishe.

Dada yangu, wakili yuko sawa. Dalali mwambie atafute kazi nyingine.

Kodi hii ni ile ya faida ya kuuza mali. Ilisimamishwa mwaka 1985, ikarudi Januari 2015 kwa asilimia 5, na tangu Januari 2023 ni asilimia 15. Wazee wengi waliuza viwanja katika ile miaka thelathini ya katikati bila kukatwa, ndiyo maana kila familia ina mjomba anayesema "mimi niliuza Nyali na sikulipa kitu." Kweli hakulipa. Wakati wake ulikuwa mwingine.

Nyumba ya kuishi kweli imesamehewa, lakini msamaha una sharti: mwenyewe awe ameishi humo mfululizo kwa miaka mitatu inayoishia kwenye mauzo. Miaka thelathini ya mama haiokoi kitu kama mwaka wa mwisho alikaa mpangaji. Mngeuza mwezi ule mama alipofunga virago, isingedaiwa hata shilingi. Naliandika hili kwa herufi kubwa kichwani mwangu kila mara, kwa sababu hii si barua ya kwanza: watoto wanamchukua mzazi kwa wema, wanapangisha nyumba "isikae bure", na kwa pango la mwaka mmoja, kwenu nyinyi 216,000, wanapoteza msamaha wa laki kadhaa. Mwenye mzazi anayehama kwake leo, akae na familia aamue kwanza: tunauza au hatuuzi?

Hesabu yenu. Umeniandikia kwamba kiwanja na ujenzi viligharimu 1,450,000, ukuta na chumba cha juu cha baadaye 500,000, na wakili na dalali watachukua 250,000. Toa hizo 250,000 kwenye bei, inabaki 5,950,000. Toa gharama 1,950,000. Faida ni milioni 4 kamili, na kodi 600,000. Shilingi ya 1994 inahesabiwa sawa na ya leo, sheria haijali kwamba wakati ule mfuko wa saruji ulikuwa na bei gani. Naona hapo kuna dhuluma kidogo, lakini ndivyo ilivyo. Kwa hivyo vita yenu iko kwenye masanduku ya mama. Kila risiti ya mawe, mbao, nondo, kila karatasi ya baraza la mji ya kupitisha ramani, inapunguza asilimia 15 ya thamani yake. Risiti ya 100,000 mliyoisahau ni 15,000 mkononi. Fungueni yale masanduku.

Kuhusu 2,900,000: dalali amesikia kwamba ardhi ambayo mtu binafsi ameihamisha kwa thamani isiyozidi milioni 3 imesamehewa, na hilo lipo. Lakini mnunuzi wenu lazima alipe ushuru wa stempu, asilimia 4 kwa mali ya mjini, na kabla ya hapo mthamini wa serikali anaitazama nyumba. Atatazama nyumba ya ghorofa moja Changamwe na kusoma 2,900,000? Na tuseme imepita. Mnunuzi amebaki na mkataba unaosema anadaiwa 2,900,000. Akigoma kutoa zile 3,300,000 nyingine, mama ataenda mahakamani na karatasi gani?

Kama kwenu mali ingekuwa ya marehemu, mambo yangekuwa mengine: mali inayohamishwa au kuuzwa katika kugawa mirathi imesamehewa, mradi ikamilike ndani ya miaka miwili tangu kifo, au muda zaidi ambao Kamishna ameukubali kwa maandishi. Nalitaja kwa sababu wasomaji wawili wameuliza hilo kwa mkato. Mmoja wao baba yao alifariki Machi 2023 na bado wanazozana nani akae na hati. Ninyi muda huo mmeshaupita; wakili wenu awaombee muda, na kama kesi ya mirathi iko mahakamani mwambieni aseme hivyo.

Mimi ni mwalimu mstaafu, Voi, umri 66. Nasikia sisi wa zaidi ya miaka 65 hatutozwi kodi. Napata pensheni, gawio la hisa, riba ya akiba ya muda maalumu benki (500,000 kwa asilimia 10) na wanafunzi wachache wa jioni.

Mwalimu, umri umeisamehe pensheni, haukukusamehe wewe. Pensheni haitozwi, vizuri. Gawio limekatwa asilimia 5, riba imekatwa asilimia 15 (katika 50,000 zako benki imetoa 7,500), na hizo zote mbili ni kodi za mwisho, hazidaiwi zaidi. Wanafunzi wa jioni ni biashara: waingize kwenye ritani ya mwaka, kwa jinsi ulivyoniandikia nafuu itawameza wote. Kama hizo 7,500 zinakuuma, na mimi zingeniuma, muda wa akiba ukiisha uliza kuhusu hati za dhamana za serikali za miundombinu. Riba yake haitozwi kodi kabisa, mradi hati iwe ya miaka mitatu au zaidi. Lakini pesa inafungwa kwa miaka mingi, na wewe una miaka 66. Usiiweke ile ya dawa.

Bi, kijana wangu yuko Muscat, kila mwezi hunitumia 40,000 za matumizi. Mtu wa saiba ananiambia KRA sasa wanaona M-Pesa zote na nitadaiwa. Nina hofu.

Ondoa hofu, Mama. Mtoto kumtunza mamake si mapato ya mamake. Hukuuza kitu, hukufanya kazi, hukupangisha. Hizo 40,000 kula kwa raha.

Ila umeniandikia pembeni, kwa kalamu nyingine, kwamba katika hizo huwa unaweka 15,000 na kwamba Bamburi kuna msingi wa nyumba ya vyumba vinane unaopanda polepole kwa jina lake. Hiyo siku itakayopata mpangaji, pango litakuwa mapato, na swali litakuwa kijana ni mkaazi wa Kenya kwa macho ya sheria au si mkaazi. Si jambo la pasipoti wala la moyo. Mwenye makao ya kudumu hapa akaja kuyakalia hata wiki moja ya Idi, huyo sheria inamwita mkaazi kwa mwaka huo. Akiwa mkaazi yuko pamoja na yule mpishi wetu wa Likoni, asilimia 7.5. Asipokuwa mkaazi, pango lake linatozwa asilimia 30, bila kutoa hata msumari. Kabla hamjaezeka, aniandikie yeye mwenyewe: siku alizokaa Kenya kila mwaka tangu aondoke, na akija huwa analala wapi.